Mti Mkubwa Ndani ya Sinia: Jinsi ya Kupogoa na Kuunda Bonsai Bila Kuukausha

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano cha Kaunti

Katika vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara zetu, katikati ya parachichi, grevilea na maua ya uani, siku hizi huonekana pia miti midogo iliyopandwa kwenye vyombo bapa, mashina yake yakiwa yamepindwa kwa waya. Miti hiyo huitwa bonsai. Inapendeza macho, na mkaazi mwenye subira anaweza kuitengeneza mwenyewe kwa gharama ndogo, au hata kuifanya kazi ya kujipatia riziki.

Hata hivyo, kuna hasara ambazo hujirudia. Ya kwanza ni ya mnunuzi. Ananunua mti wa kijani kibichi, anauweka sebuleni, na baada ya wiki chache unageuka kahawia na kupukutika. Ya pili ni ya mtengenezaji. Anakata miche mingi kwa siku moja kama anayepogoa kahawa, kisha yote inakauka. Ya tatu inatuhusu sote, nayo ni miche inayong'olewa msituni ili ipandwe kwenye vyungu, jambo ambalo ni kosa kisheria.

Makala haya yanaeleza namna miti ya jamii ya saipresi inavyopogolewa na kuundwa kuwa bonsai, sababu za kila hatua, na mambo ambayo mkaazi anapaswa kuyajua kabla ya kununua, kuuza au kuanza kukata.

BONSAI NI NINI?

Neno bonsai ni la Kijapani. "Bon" ni chombo bapa kama sinia, na "sai" ni kupanda. Kwa hivyo maana yake ni kilichopandwa kwenye sinia. Ufundi wenyewe ulitoka China na kukuzwa Japani kwa karne nyingi. Mwaka wa 1925, baada ya tetemeko kubwa la ardhi la 1923 lililobomoa Tokyo, mafundi wa bonsai walihamia Omiya na kuanzisha kijiji chao, ambacho hadi leo hujulikana kama kijiji cha bonsai.

Wengi hudhani kwamba bonsai ni aina ya mti mfupi wa kuzaliwa. Sivyo. Mbegu ya bonsai ni mbegu ya kawaida. Mti huo huo ukipandwa shambani utafikia urefu wa kawaida. Unabaki mdogo kwa sababu tatu: mizizi yake inapunguzwa na kuwekwa katika udongo kidogo, ncha zake zinanyofolewa kila zinapochipuka, na matawi yake yanaelekezwa kwa waya. Mti haunyimwi chakula wala maji. Ukinyimwa, hautakuwa bonsai, utakuwa kuni.

Mti ukitunzwa vizuri huishi muda mrefu kuliko mwenyewe. Mjini Washington nchini Marekani kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa kwenye chombo mwaka wa 1625. Mti huo ulikuwa nyumbani kwa familia ya Yamaki mjini Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka wa 1945, ukanusurika, kisha Masaru Yamaki akautoa kama zawadi kwa watu wa Marekani mwaka wa 1976. Umepitia mikono ya vizazi kadhaa, na kila kizazi kililazimika kuumwagilia maji.

SPRUSI, MWALIMU WA KAZI HII

Miongoni mwa miti inayofundisha vyema kazi ya bonsai ni sprusi. Huu ni mti wa jamii ya msonobari wenye majani mafupi kama sindano, na ziko aina zipatazo 35, zote za nchi za kaskazini mwa dunia. Wajapani hutumia sprusi ya Ezo, ambayo asili yake ni maeneo ya baridi ya kisiwa cha Hokkaido na jirani zake, kwa kuwa sindano zake ni fupi na gome lake huonekana la kizee mapema. Huko Ulaya, sprusi ni mti wa Krismasi unaojulikana sana.

Je, sprusi inaweza kustawi hapa kwetu? Si rahisi. Mti huu umezoea kulala usingizi wa miezi kadhaa wakati wa baridi kali, mchana ukiwa mfupi, kisha kuamka joto linaporudi. Sisi tuko karibu na ikweta. Hata sehemu za juu ambako usiku huwa na jalidi, mchana hubaki wa takriban saa 12 mwaka mzima, na mti haupati ishara ya kulala. Aidha, mtu yeyote anayetaka kuleta mmea au mbegu kutoka nje ya nchi anahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka kwa KEPHIS kabla mzigo haujasafirishwa.

Habari njema ni kwamba tunayo miti yetu inayofuata karibu kanuni zile zile:

• Saipresi. Ndiyo miti ya ua wa maboma mengi na ndiyo "mti wa Krismasi" wa nyanda za juu. Asili yake ni Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati, lakini imeenea nchini. Miche hupatikana kwa urahisi na kwa bei ya chini, hivyo inafaa kwa kujifunzia.

• Mtarakwa. Huu ni mti wetu wa asili, na ni wa jamii ya junipa. Mbao zake hazioza upesi, ndiyo maana nguzo za mtarakwa husimama kwenye ua kwa miaka mingi. Hukua polepole na huonekana wa kizee haraka.

• Podo. Huu pia ni wa asili. Tofauti na hiyo miwili, podo huweza kuchipua tena kutoka kwenye sehemu ya zamani ya tawi, kwa hivyo husamehe makosa mengi.

Kwa jamaa wanaoishi sehemu za joto na pwani, mvinje hutumika badala yake.

KANUNI KUU: USIVUKE KIJANI

Mkulima wa nyanda za juu anajua kwamba mkahawa ukikatwa ukabaki kisiki, utachipua. Majani chai hukatwa mpaka yakabaki matawi matupu, na baada ya muda kichaka kinajaa tena. Mkulima huyo akiibeba desturi hiyo hadi kwenye saipresi, ataupoteza mti.

Sababu ni hii. Mkahawa na mchai huwa na macho yaliyolala chini ya gome la zamani, na macho hayo huamka tawi linapokatwa. Sprusi, saipresi na mtarakwa hazina desturi hiyo. Machipukizi yao hutoka kwenye sehemu yenye majani mabichi. Tawi likishavuliwa kijani chote, halina pa kuchipukia, hivyo hukauka hadi kwenye shina.

Ushahidi uko kwenye ua wa jirani. Mtazame saipresi aliyekatwa kupita kiasi kwa panga. Pale makali yalipofika kwenye vijiti vya kahawia, pamebaki shimo ambalo halizibi hata baada ya mvua nyingi. Kwenye ua, shimo moja si hoja. Kwenye mti wa futi moja, tawi moja likifa umbo lote huharibika, na miaka mitatu ya kazi imekwenda.

Kwa hivyo kabla ya kila mkato jiulize: je, nikikata hapa, nyuma ya mkasi kunabaki kijani? Kama jibu ni hapana, na hukusudii kuliondoa tawi lote, usikate.

KUCHAGUA MCHE

Mche mzuri wa bonsai si ule ulionyooka na kurefuka. Huo ni wa mbao. Tafuta mche wenye sifa hizi:

1. Shina nene chini na jembamba juu. Fukua udongo wa juu kidogo kwa kidole uone mizizi inaanzia wapi. Ikisambaa pande zote kama vidole vya mkono ulioshika ardhi, umepata mche mzuri.

2. Matawi yanayoanzia chini, yenye kijani karibu na shina. Mche uliobanwa na wenzake kitaluni huwa na kijani nchani tu, nao hauwezi kufupishwa.

3. Mizizi isiyojizungusha chini ya mfuko. Mizizi iliyojisokota kama kamba hubana mti siku za baadaye.

4. Shina lenye mpindo wa asili. Mche ambao muuzaji ameutenga kwa sababu umepinda mara nyingi ndio unaofaa.

Ukishaununua, uache miezi miwili au mitatu uzoee mahali pake. Kanuni ya mafundi ni kwamba mti hupewa jeraha moja kubwa kwa msimu. Ukipunguza matawi mengi leo, mizizi isubiri. Ukikata mizizi, matawi yasubiri.

KUCHAGUA MATAWI

Anza kwa kutazama, si kwa kukata. Zungusha mche mbele ya macho yako uamue upande upi utakuwa uso wake. Kisha hesabu matawi na uamue yapi yatabaki.

Desturi ni kwamba tawi la kwanza, lililo nene kuliko mengine, huanza kwenye theluthi ya chini ya urefu wa mti. La pili hutokea upande mwingine, juu kidogo, na la tatu huelekea nyuma ili mti uwe na kina. Kadiri unavyopanda, matawi huwa mafupi na membamba. Ondoa matawi yanayotokea mahali pamoja kama miiko ya gurudumu, kwa kuwa shina huvimba pale na kupoteza umbo. Yakitokea mawili yanayokabiliana, bakiza moja. Ondoa pia yanayokua moja kwa moja kuelekea chini, na yanayovuka mbele ya shina.

Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani yote kwa mara moja. Majani ndiyo jiko la mti. Ukilibomoa jiko, mizizi italala njaa.

Si lazima kila tawi linaloondolewa likatwe kabisa. Fundi huacha kipande kifupi, hukimenya gome, na kukiacha kikauke na kuwa cheupe. Kwenye milima ya Japani, upepo na theluji huvunja sprusi vivyo hivyo, na kipande hicho hufanya mche wa miaka mitano uonekane mzee aliyepita mengi. Mtarakwa unafaa sana kwa kazi hii kwa sababu mti wake mkavu haliwi upesi na kuvu.

KUNYOFOA NCHA

Hapa ndipo mti unapojengwa, na ndipo wengi hukosea kwa haraka.

Miti ya jamii hii hutawaliwa na kilele. Homoni iitwayo auksini hutengenezwa nchani na kuteremka, ikiyazuia macho ya chini yasichipue kwa nguvu. Ndiyo sababu mti ulioachwa hurefuka juu huku matawi ya chini yakidhoofika. Ncha ikiondolewa, kizuizi kinapungua, na vitawi vya ndani hupata nafasi. Kwa hivyo kunyofoa ncha kuna kazi mbili: kufupisha sehemu zenye nguvu na kuamsha zilizo dhaifu.

Kwenye sprusi, kazi hii hufanywa majira ya kuchipua. Tumba huvimba, hutupa kifuniko chake cha kahawia, na sindano changa hutokeza zikiwa laini kama manyoya. Kabla hazijakomaa, fundi hushika nusu ya nje ya chipukizi kwa vidole na kuivuta. Hatumii mkasi, kwa maana mkasi hukata sindano zinazobaki na kuziachia ncha za kahawia. Machipukizi hayafunguki siku moja, hivyo fundi hurudi mara kwa mara kwa wiki kadhaa.

Kwenye saipresi na mtarakwa mkubwa, majani si sindano bali ni magamba madogo yaliyolala kwenye kitawi. Hapa mambo ni kinyume. Ukinyofoa kwa kucha utayaponda magamba na ncha zote zitageuka kahawia. Tumia mkasi mdogo wenye makali, ingiza ncha yake katikati ya majani, na ukate kitawi kimoja kimoja pale kinapoungana na kingine. Usipitishe mkasi juu juu kama anayenyoa nywele.

Tofauti nyingine ni ya wakati. Sprusi huchipua mara moja kwa mwaka. Saipresi wetu, akipata maji na joto, hukua karibu mwaka mzima. Kwa hivyo kazi inayofanywa huko mara moja, hapa hufanywa mara kadhaa, kidogo kidogo.

Pogoa zaidi juu, ambako nguvu ni nyingi, na uyahurumie matawi ya chini. Tawi dhaifu liache likue bila kuguswa hadi lipate nguvu.

KUFUNGA WAYA

Sprusi wa zamani huwa na matawi yaliyoinama, kwa sababu ya uzito wake na wa theluji ya miaka mingi. Mche mchanga huelekeza matawi yake juu. Kwa hivyo ukitaka mche uonekane mzee, yateremshe matawi. Hiyo ndiyo kazi ya waya.

Waya wa alumini ndio rahisi kwa anayeanza. Uchague wenye unene wa takriban theluthi moja ya tawi. Uanzie kwenye shina, au uunganishe matawi mawili kwa waya mmoja, ili uwe na pa kushika. Uzungushe kwa mshazari wa nyuzi 45, usiubane wala kuulegeza, na usifunge majani ndani yake. Kisha pinda polepole kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa upande wa ndani wa mpindo. Ukisikia mlio wa kupasuka, simama hapo.

Waya wa chuma wa kufungia nondo haufai kwa sababu hushika kutu na ni mgumu kuupinda bila kulijeruhi tawi. Waya wa shaba ni mzuri, lakini ununue dukani na upate risiti. Usinunue shaba usiyoijua ilikotoka. Nyaya nyingi za aina hiyo huibwa kwenye mitambo ya umeme, na anayenunua mali ya wizi huhesabiwa kuwa mkosaji pia.

Tawi la sprusi lina ukaidi, huweza kukaa na waya zaidi ya mwaka na bado likarudi juu. Saipresi hunenepa haraka msimu wa mvua, na waya huanza kuzama kwenye gome. Kagua kila baada ya wiki mbili. Ukiona gome linavimba pembeni mwa waya, uondoe kwa kuukata vipande vipande kwa koleo. Usiuzungushe kuufungua, kwani utavunja tawi ulilolijenga.

UDONGO, MIZIZI NA SINIA

Udongo wa shambani ukiwekwa kwenye chombo bapa hushikamana kama tofali na kuozesha mizizi. Bonsai inahitaji mchanganyiko unaopitisha maji mara moja lakini unaobaki na unyevu. Mawe mepesi ya volkano ya Bonde la Ufa, yakipondwa na kuchekechwa, hufaa sana. Changanya na mboji iliyoiva, mawe yakiwa mengi kuliko mboji, na utupe vumbi lililopita kwenye chekecheo. Chombo lazima kiwe na matundu chini.

Badilisha udongo mwanzoni mwa mvua za masika, kati ya Machi na Aprili, wakati hewa ina unyevu. Ondoa mizizi isiyozidi theluthi moja, ukianza na ile mirefu ya chini. Usiuoshe mti mpaka mizizi ikabaki mitupu. Miti ya jamii hii hushirikiana na kuvu wa manufaa wanaoishi mizizini, na udongo kidogo wa zamani ukibaki, ushirika huo haukatiki. Funga mti kwenye chombo kwa waya unaopita kwenye matundu ili upepo usiutikise, kisha uuweke kivulini kwa wiki mbili au tatu. Usiweke mbolea hadi uone unachipua.

Usiwe na haraka ya sinia. Mwaka wa kwanza ni wa kuchagua matawi, wa pili ni wa waya, na wa tatu ndio mti huweza kuhamia kwenye chombo bapa. Mche uliohamishwa siku ile ile ulionunuliwa, ukakatwa na kufungwa waya, umepewa majeraha matatu kwa mkupuo mmoja.

MAJI, JUA NA WADUDU

Bonsai hii ni mti wa nje. Inahitaji jua la kutosha na upepo. Weka barazani au uani, si sebuleni. Wakati wa Krismasi unaweza kuiingiza ndani siku mbili tatu, kisha uirudishe nje.

Chomeka kidole kwenye udongo kila asubuhi. Juu pakianza kukauka, mwagilia hadi maji yatoke chini. Pakiwa pabichi, acha. Hakuna ratiba inayoshinda kidole.

Mdudu wa kuangaliwa zaidi ni kidukari wa saipresi, aliyegunduliwa nchini mwaka wa 1990 na kuua miti mingi ya ua na mashamba ya mbao. Hufyonza utomvu, na vitawi hugeuka kahawia kuanzia ndani. Ukiona sisimizi wengi, utomvu unaonata au masizi meusi juu ya majani, chunguza vitawi. Kwenye mti mdogo, wadudu wachache huweza kuondolewa kwa mkono na maji yenye sabuni kidogo. Utenge mti huo na mingine. Wakati wa kiangazi, gonga tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vidogo vikianza kutembea, una utitiri. Ukihitaji dawa, muulize afisa wa ugani kuhusu zilizoidhinishwa.

USINUNUE MTI ULIOKUFA

Mti wa jamii ya saipresi huweza kubaki kijani wiki kadhaa baada ya kufa. Ndiyo maana kilele kilichokatwa kwa ajili ya Krismasi hupamba nyumba hadi Januari. Hii ndiyo sababu ya malalamiko mengi ya wanunuzi, na si kila muuzaji anajua kwamba anachouza kimekufa.

Kabla ya kulipa, fanya mambo manne. Shika majani: yakiwa hai hupindika na huwa na ubaridi, yakiwa yamekufa huvunjika na kupukutika. Kwaruza gome la kitawi kwa ukucha: chini yake pawe na kijani chenye unyevu. Tikisa shina taratibu: likicheza ovyo, mti umepandwa juzi. Na uulize ulipandwa lini kwenye chombo hicho na mche ulitoka wapi.

SHERIA INASEMAJE?

Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, ni kosa kuondoa mazao ya misitu kwenye msitu wa umma bila leseni au kibali. Mazao hayo si magogo na makaa pekee. Mimea na udongo vimo pia. Kwa hivyo anayeng'oa mche wa mtarakwa au podo msituni, au anayejaza gunia la udongo wa msitu kwa ajili ya kitalu chake, anavunja sheria.

Mbali na sheria, hesabu yenyewe haikubali. Mtarakwa uliong'olewa mwituni hupoteza mizizi yake mirefu na mara nyingi hufa. Msitu umepoteza mti, na aliyeung'oa hana cha kuuza. Mche wa kitaluni una mizizi iliyokusanyika, na kuhamishwa kwake si tatizo. Ukihitaji mche wa asili, nunua kwenye kitalu kinachootesha kwa mbegu.

Anayetaka kuuza bonsai kama biashara anahitaji leseni ya biashara ya kaunti. Ni vyema pia kuanza na miche michache ya bei nafuu, pamoja na kazi nyingine ya kuleta mapato. Kazi hii hulipa kwa miaka, si kwa miezi, na mkopo wa miezi 12 hauwezi kusubiri mti wa miaka mitatu.

KALENDA YA MWAKA

• Januari na Februari: Kiangazi. Mwagilia kwa makini, weka kivuli cha mchana, tafuta utitiri. Usiguse mizizi.

• Machi hadi Mei: Masika. Badilisha udongo mvua inapoanza. Kwa miti ambayo haibadilishwi udongo, punguza ncha.

• Juni hadi Agosti: Baridi. Mti unakua polepole. Ni wakati wa kuondoa matawi makubwa na kufunga waya. Maeneo ya jalidi, sogeza miti karibu na ukuta usiku.

• Septemba: Joto linarudi. Anza mbolea kidogo ya samadi iliyooza vizuri. Kagua vidukari.

• Oktoba hadi Desemba: Vuli. Ukuaji ni wa kasi. Punguza ncha mara kwa mara na uangalie waya usizame.

MAHALI PA KUPATA USAIDIZI

Mkaazi mwenye mti unaougua anaweza kubeba kitawi chake, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi, hadi kwa afisa wa ugani katika ofisi ya kilimo ya wadi yake. Masuala ya vibali vya misitu hushughulikiwa na ofisi za Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS.

Katiba inalitaka taifa lifikishe miti katika angalau asilimia 10 ya ardhi yake, na bonsai haihesabiwi humo. Kwa hivyo unapoenda kitaluni kununua mche wa sinia, chukua na wa pili wa kupanda ardhini. Huo hauhitaji waya. Uchimbie shimo, uumwagilie hadi ushike, kisha uuache urefuke utakavyo.